Muulize Doto

Siku ya kwanza nilipofika kazini niliambiwa nivue viatu. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya mawe katika Mji Mkongwe, na ngazi zake zilisimama wima hata ukifika juu huna pumzi ya kuamkia watu. Nilikuwa na viatu vya kisigino nilivyovinunua sokoni Darajani kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, aliniangalia miguuni, kisha akanyoosha kidole kizingitini.

"Viatu nje, bibi. Humu hatuingizi vumbi."

"Naam," nikasema, nikavivua. Nilidhani nimeletwa msikitini.

Ndani palikuwa na chumba kidogo, feni mbili, na sanduku la chuma linalonguruma juu ya meza ya mninga. Hiyo ndiyo seva. Kwa msomaji asiye wa kazi hii, seva ni kompyuta kama kompyuta nyingine, ila haikai na mtu mmoja. Kompyuta zote za ofisi zinamuuliza yeye, naye huzijibu zote. Utanisamehe nikiita seva "yeye"; nimekaa naye miaka mingi kuliko niliyokaa na mama yangu. Ndani yake zilihifadhiwa kumbukumbu za vizazi vya kisiwa chetu: nani kazaliwa, lini, wapi, mama yake nani.

Jina langu Raya. Nimestaafu sasa, na ninayaandika haya kwa ajili ya nyinyi mnaoandika programu leo mkiwa mmekaa kwenye viyoyozi, mnaodhani kazi hii imeanza na nyinyi. Haikuanza na nyinyi. Sisi tuliifanya katika nyumba ambayo dari yake inanyesha chokaa.

Chokaa hiyo ndiyo iliyonipa aibu yangu ya kwanza. Wiki ya pili niliona chembe nyeupe zimejaa mgongoni mwa seva, nikaingiwa na huruma. Nikatoa kanga mkobani, nikamfunika vizuri, pembe kwa pembe, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi ofisi nzima imesimama. Mkuu wa Kitengo ameishika kanga yangu kwa vidole viwili.

"Bi Raya, umemvisha nani?"

"Seva, bwana. Kwa ajili ya vumbi."

"Seva haioni haya," akasema. "Inaona joto. Mwache uchi apumue."

Seva alikuwa amezimika mwenyewe kwa joto. Tukamwasha, tukasubiri, akarudi salama, na kanga ile tukaitandaza juu kabisa, chini ya dari, tukaifunga kwenye misumari minne ili idake chokaa kabla haijafika chini. Ilikaa pale mpaka siku niliyostaafu. Tulikuwa tukiibadilisha kila baada ya miezi michache, na watu wakaniletea kanga zao kuukuu kutoka majumbani. Basi ukitaka kuweka seva, la kwanza usitazame ukubwa wa diski. Tazama hewa inaingia wapi na inatoka wapi, na juu ya kichwa chake kuna nini.

Mkuu yule alinifundisha kazi kwa sentensi fupi fupi. Kila waya utie kijikaratasi cha jina, pande zote mbili, kwa sababu siku ya kuchomoa utakuwa na haraka. Usiingie kwenye seva kwa jina la ruti kama huna haja nalo. Ruti ni yule mtumiaji mkuu asiyekatazwa kitu, na mtu asiyekatazwa kitu mwisho hujikata mwenyewe. Kumbukumbu za watu haziguswi kwa mkono. Kama pana kosa, andika programu ya kulisahihisha, ili kila mtu aone ulichofanya na kwa nini. Na juu ya yote, bekapu, yaani nakala ya akiba, kila siku, na nakala moja ilale nje ya jengo.

"Akiba haiozi," nikamjibu siku moja, nikijiona nimeelewa.

"Inaoza," akasema. "Bekapu ambayo hujaifungua ni mkoba uliofungwa. Hujui kama mna mkate au mna jiwe."

Kwa hiyo kila mwezi tulikuwa tukiichukua bekapu, tukairudisha kwenye kompyuta kuukuu iliyowekwa pembeni, tukatazama kama watu wote wamo. Kompyuta hiyo tuliiita seva ya majaribio. Wenzetu wa idara nyingine wakitucheka kwamba tunacheza. Sikujali, na sijali hadi leo.

Baada ya miaka michache Mkuu wa Kitengo alihamishwa, na mimi nikawa mwandishi wa programu. Nikapelekwa Chwaka miezi minane, kwenye tawi letu la pwani ya mashariki. Kazi ilikuwa kuyaingiza kwenye kompyuta madaftari ya wakunga wa Chwaka, Uroa na vijiji vya jirani. Yalikuwa madaftari makubwa yenye jalada gumu, mengine yameliwa na mende pembeni. Niliwafundisha makarani wanne, na amri yangu ilikuwa moja: "Andikeni kilichomo daftarini. Msiongeze, msipunguze." Niliona ni amri nzuri sana.

Huko ndiko nilikogundua kwamba watoto wengine wameandikwa mara mbili, mara moja na mkunga na mara ya pili kwa barua ya sheha, kiongozi wa kijiji. Nikaandika kanuni ya kuzuia jambo hilo. Kanuni, katika programu, ni sharti ambalo lisipotimia mashine inakataa kuendelea. Yangu ilisema hivi: mama mmoja hawezi kuandikiwa vizazi viwili vyenye tarehe mbalimbali ndani ya miezi sita. Mapacha wana tarehe moja, wanapita. Mtoto aliyerudiwa kwa tarehe ya kubahatisha, anakataliwa. Mkurugenzi aliisifu mkutanoni mbele ya watu wote, akasema hiyo ndiyo akili ya Bi Raya. Nilirudi mjini kichwa kimevimba hata mtandio haukai.

Kisha akaja Bi Mize.

Alikuwa mkulima wa mwani kutoka Uroa, mwembamba, vidole vyake vimepasuka kwa maji ya chumvi. Aliingia na watoto wawili wa kike wa umri wa kuanza skuli, wamevaa sare mpya zinazowapwaya, wameshikana mikono. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Karibu, mdogo wangu."

"Mie nshakuja mara tatu," akasema kabla hajakaa. "Kila nikija chini pale naambiwa mashine imekataa. Leo nimesema siondoki mpaka nimuone mwenye mashine. Huyu Kurwa ana cheti. Huyu Doto hana. Mwalimu mkuu anasema bila cheti hamwandiki, na mwisho wa kuandika ni Alkhamisi hii. Na Kurwa naye hataki kwenda peke yake. Mashine imemkatalia nini mwanangu? Nimemzaa mimi, haikumzaa mashine."

Kurwa, kwa msomaji asiyejua, ni jina la pacha anayetangulia, na Doto ni anayefuata. Nikaandika jina la mama kwenye kompyuta, na yakaja yale maandishi mekundu ambayo niliyatunga mwenyewe: *Mama huyu ameshaandikiwa mtoto.* Nikatazama tarehe. Kurwa kazaliwa Alkhamisi. Doto, aliyewekwa kando kati ya waliokataliwa, Ijumaa.

"Mapacha hawa wamepishana siku?" nikamuuliza.

"Siku!" akacheka kwa hasira. "Wamepishana adhana. Kurwa alitoka watu wanakwenda msikitini kwa sala ya Magharibi. Doto alitoka watu wanarudi. Hata nusu saa haikutimia."

"Na mkunga kaandikaje?"

"Kaandika sawasawa. Kurwa Alkhamisi jioni, Doto usiku wa Ijumaa, na saa kaitia. Ulitaka aandikeje?"

Mimi ni mtoto wa Unguja. Nimelelewa na bibi aliyenifundisha kwamba jua likizama siku imekwisha na nyingine imeingia, kwamba usiku wa Ijumaa ndio huu unaokuja baada ya Alkhamisi kuzama, na ndiyo maana watu husoma Yasini Alkhamisi baada ya Magharibi na kusema ni usiku wa Ijumaa. Nimelijua hilo kabla sijajua kuhesabu. Lakini nilipokaa mbele ya mashine nilimwacha bibi yangu nje pamoja na viatu. Makarani waliona "usiku wa Ijumaa", wakaandika Ijumaa, wala hawakuongeza wala hawakupunguza, kama nilivyowaamuru. Mashine inaihesabu siku kutoka saa sita ya usiku, mkunga anaihesabu kutoka Magharibi, na katikati yao nilikuwa mimi, niliyelipwa kwa kuzijua lugha zote mbili. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nikaenda kwa Mkurugenzi nikamweleza. Alikuwa mtu mwema na mwenye haraka.

"Basi badilisha tarehe ya huyo mtoto mmoja, mama wa watu aende zake. Wewe unayo ruti. Ni dakika moja."

"Siwezi, bwana."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Huyu mmoja amejulikana kwa sababu ana pacha. Waliozaliwa peke yao baada ya Magharibi hawana wa kuwapigia kelele. Wamo humo na tarehe zisizo zao, na sisi tumewagongea mihuri. Nikimsahihisha Doto peke yake nitakuwa nimeufuta ushahidi."

Aliitazama kalenda ukutani. Ilikuwa Jumamosi, na tulikuwa tumekuja kumalizia kazi za wiki.

"Unataka siku ngapi?"

"Mpaka Jumatano."

Nikarudi kwa Bi Mize na kumwomba aje mara ya tano. Hakunipiga, lakini nilimwona akilifikiria. "Na nikija Jumatano nikaambiwa imekataa?" akauliza. Nikamwambia akikosa cheti siku hiyo, hatanikuta na mimi kitini pale. Nililisema bila kufikiri, na nilipokwisha kulisema nikajua nalikusudia. Doto alikuwa akiniangalia muda wote huo, ameshika pindo la sare yake.

Jumatatu asubuhi nilichukua bekapu, nikaijaribu, ikafunguka. Mpaka hapo nilikuwa mwanafunzi mwema. Kisha nikaandika programu fupi: kila penye maneno "usiku wa" katika maelezo ya mkunga, rudisha tarehe nyuma siku moja. Nikaijaribu kwenye seva ya majaribio kwa watoto watano, Doto akiwamo, wote wakatoka sawa. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na uchungu, na mtu mwenye vitu hivyo viwili hafai kukaribia seva. Nikaipeleka programu kwenye seva yenyewe, nikaiendesha kwa kisiwa kizima.

Kisha nikafanya jambo ambalo nakuombeni mlifanye kila mara, ila mlifanye kabla, si baada. Nikatafuta mtu ninayemjua. Nikaandika jina la mwanangu Suleiman, aliyezaliwa usiku wa Jumatano, saa tisa. Mashine ikaniambia Suleiman kazaliwa Jumanne.

Suleiman nimemzaa mimi, na najua kwamba ilipoingia Alfajiri ya Jumatano alikuwa kifuani kwangu. Nikampigia simu mkunga wa Uroa, Bi Mwanajuma, mwenye daftari lile alimoandikwa Doto.

"Bi Mwanajuma, shikamoo. Mtoto akizaliwa usiku wa Ijumaa saa nane, kwa kalenda ya ukutani ni siku gani?"

"Marahaba. Saa nane? Kalenda ya ukutani inakuwa nayo ishaingia Ijumaa."

"Na akizaliwa usiku huo huo saa mbili?"

"Kalenda yenu bado imelala Alkhamisi." Akacheka. "Usiku ni mmoja, mwanangu. Nyinyi ndio mlioukata vipande viwili."

Ndiyo hayo. Waliozaliwa kati ya Magharibi na saa sita walihitaji kurudishwa nyuma siku moja. Waliozaliwa baada ya saa sita walikuwa sawa tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimewaharibu wote kwa mkono mmoja. Nikasimamisha kazi, nikawapigia simu Chwaka wasiingize kitu. Mkurugenzi akaja mpaka mlangoni, peku.

"Kuna nini?"

"Nimekosea. Nimewarudisha nyuma na watoto wasiohusika."

"Wangapi?"

"Wengi."

"Na bekapu?"

"Ipo. Ya leo asubuhi. Nimeshaifungua, mna mkate."

Hakuelewa maneno ya mkate, lakini alielewa uso wangu, akaondoka akaniacha nifanye kazi. Kabla ya adhuhuri kila mtoto alikuwa amerudi alipokuwa asubuhi, hata yule mmoja aliyeandikwa Chwaka saa tatu, ambaye hakuwamo kwenye bekapu; karani wake alikuwa bado ameshika fomu yake mkononi, akamwandika tena. Nilisali, nikamwombea dua Mkuu wangu wa kwanza popote alipo.

Jumanne nikaandika upya, polepole. Penye "usiku wa" na saa iliyo kabla ya saa sita, rudisha siku moja. Penye saa iliyo baada ya saa sita, usiguse. Pasipo na saa, usiguse, ila weka alama ili mkunga au mama aulizwe. Nikaijaribu kwenye seva ya majaribio kwa watu wote, si watano. Nikamtafuta Suleiman, akatoka Jumatano. Nikamtafuta Doto, akatoka Alkhamisi. Makarani wawili wakakaa na mimi wakichagua majina kwa kubahatisha na kuyalinganisha na madaftari mpaka macho yakauma. Hapo tena ndipo nikaigusa seva yenyewe.

Nikaongeza swali moja kwenye fomu, ambalo karani halipiti bila kulijibu: *Mtoto amezaliwa kabla ya Magharibi, baada ya Magharibi, au baada ya saa sita ya usiku?* Na juu ya swali hilo, ndani ya programu, mahali ambapo anaona mwandishi wa programu tu, nikaandika dokezo. Dokezo ni maneno ambayo mashine huyaruka. Ni barua unayomwandikia atakayekuja baada yako. Niliandika: *Usiliondoe swali hili. Kama hulielewi, muulize Doto.*

Jumatano Bi Mize alifika mapema kuliko mimi. Nilimkuta kizingitini, viatu ameshavua, watoto wamekaa ngazini. Nilichapisha cheti mbele yake, nikakipeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi kikatiwa saini, nikakirudisha. Bi Mize alipitisha kidole kwenye jina, akampa Doto akishike. Doto akakitazama, kisha akakitazama cha Kurwa.

"Na changu kina muhuri?" akaniuliza.

"Kina muhuri, mwanangu."

"Mkubwa kama wake?"

"Sawasawa na wake."

Hapo ndipo Bi Mize alipolia, na mimi nikajifanya naipangusa kompyuta. Alkhamisi watoto wote wawili wakaandikwa skuli.

Nimefanya kazi baada ya hapo miaka mingi, chini ya wakurugenzi wengine watatu. Nimehamisha seva mara mbili. Nimeiona mitandao ikikatika na kurudi, na programu zilizosifiwa sana zikasahauliwa kabla ya Ramadhani ya pili. Siku ya kustaafu wenzangu walinipa zawadi ya viatu, jozi nzuri ya ngozi, wakisema sasa naweza kuingia navyo popote. Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nilivivua mlangoni. Ukiniuliza nimeacha nini katika kazi hii, sitakutajia seva. Nitakwambia kuna watoto wa Unguja wanaojua siku waliyozaliwa, na mimi nina mkono katika hilo, na ninajivunia bila haya.

Mwezi uliopita simu ililia. Alikuwa mkuu mpya wa kitengo, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba, baba. Mmeniharibia nini?"

"Hatujaharibu, Bi Mkubwa. Tunahamia seva mpya, tunaisafisha programu. Kuna swali moja kwenye fomu tunaona halina kazi, tulitaka kulitoa. Ila lina dokezo, limeandikwa tumuulize Doto. Tumemtafuta Doto kwenye seva zote. Tumemtafuta kwenye mtandao. Tumedhani labda ni programu ya zamani. Sasa Doto ni nini?"

"Si nini," nikamwambia. "Ni nani. Yupo Uroa, anatengeneza sabuni za mwani. Subiri."

Namba yake ninayo. Huniletea sabuni kila Idi. Nikaziunganisha simu mbili, kitu ambacho kijana alishangaa kwamba nakiweza. Doto akaitikia, nyuma yake nikasikia sauti ya Kurwa ikigombana na mteja.

"Doto," nikasema, "kuna kijana hapa anataka kukuuliza umezaliwa siku gani."

Hakushangaa hata kidogo. Nadhani alikuwa akilisubiri swali hilo tangu siku ile.

"Alkhamisi," akasema. "Usiku wa Ijumaa."

Kijana akauliza, taratibu, "Samahani, dada. Sasa ni Alkhamisi au ni Ijumaa?"

"Mwenzangu," Doto akamwambia, "wewe hukulelewa na bibi?"

Nikamsikia kijana akicheka, kisha nikasikia vidole vyake vikigonga vitufe. Swali limebaki.